Mwanza hadi Musoma kwa kupokezana: mbio za anayesubiri

MBUKE: Karibu msikilizaji wetu, popote ulipo. Mimi ni Mbuke, tupo hapa Mwanza kama kawaida, na niko na Kocha. Kocha, shikamoo.

KOCHA: Marahaba dada. Za nyumbani?

MBUKE: Njema tu. Kocha, kuna kikundi cha jogging cha hapa mjini kimetuandikia. Ni watu wa kazini na biashara zao, wanakimbia Jumamosi asubuhi. Sasa wanataka kutoka Mwanza hadi Musoma kwa kupokezana, usiku na mchana bila kulala hoteli. Wanauliza wafanye mazoezi gani.

KOCHA: Mazoezi nitayagusa, lakini nianze kwingine. Watu wakisikia mbio za kupokezana wanawaza kasi ya anayekimbia. Mimi nawaambia mbio hizi zinaamuliwa na anayesubiri. Timu ya watu 12, kila mmoja anakimbia mara 3, hivyo ni vipande 36. Vipande 36 vina makabidhiano 35. Ukipoteza dakika moja tu kila mnapokabidhiana, umeshapoteza dakika 35, na hakuna mtu aliyechoka wala kuumia.

MBUKE: Dakika zinapotea vipi?

KOCHA: Mwenzako anafika hoi, anaangaza huku na huku, hakuoni. Uko kwenye gari unafunga kamba za viatu. Au umeenda kununua maji. Au gari lenyewe limekwama nyuma. Huyo aliyekuja amejimaliza kwa ajili yako, halafu anasimama barabarani anaita jina lako gizani. Hilo linauma kuliko kupitwa na timu nyingine.

MBUKE: Linavunja moyo kwa kweli.

KOCHA: Angalia Mwenge wa Uhuru. Ukifika mpakani mwa wilaya, wilaya inayopokea imeshapanga mstari zamani, mkuu wa wilaya yupo, ngoma ipo. Hakuna Mwenge unaofika mpakani ukasubiri mwenyeji avae viatu. Tangu mwaka 1961 ulipowashwa Kilimanjaro nchi hii inajua kupokezana. Tuichukue ile adabu tuiweke kwenye mbio zetu.

MBUKE: Tuwapigie basi hesabu ya njia yenyewe. Mwanza hadi Musoma ni kama kilomita 220.

KOCHA: Hapo hapo. Gawa kwa vipande 36, kila kipande ni kilomita 6 na kidogo. Tuseme wastani wa timu ni dakika 6 kwa kilomita, kasi ya watu wa jogging waliojiandaa. Kila mtu yuko barabarani dakika 36 hivi, na safari nzima inakula saa 21 na nusu au 22. Sasa swali ninalowauliza wote: mnaondoka saa ngapi?

MBUKE: Wengi watasema alfajiri, saa 12, kabla jua halijawaka.

KOCHA: Na hapo ndipo wanapoharibu. Lamadi iko kwenye kilomita 110, 120 hivi. Kwa kilomita 10 kila saa, ukiondoka saa 12 asubuhi unafika Lamadi saa 12 jioni. Na mbele ya Lamadi kuna nini?

MBUKE: Ndabaka. Geti la Serengeti.

KOCHA: Barabara inapita ubavuni mwa hifadhi. Mabasi ya Musoma yanapita pale abiria wanaona pundamilia na nyumbu dirishani. Unataka mtu akimbie pale gizani na tochi kichwani? Haiwezekani. Kwa hiyo mnaanza na kipande kile, halafu mnarudi nyuma kwa hesabu. Mnataka mpite Ndabaka asubuhi, jua limepanda, watu wako barabarani, baada ya kuuliza hifadhi na polisi kama inaruhusiwa kukimbia pale siku hiyo. Wakisema hapana, kipande kile mnakivuka kwa gari, wala hampungukiwi kitu. Ili muwe Lamadi saa 2 asubuhi, mnaondoka Mwanza saa 2 usiku. Musoma mnaingia kwenye saa 11 na nusu jioni, bado kuna mwanga wa kupiga picha ziwani.

MBUKE: Nimeipenda hiyo. Lakini Kocha, usiku sasa unaangukia Buzuruga, Igoma, Kisesa hadi Magu na kuendelea. Malori yapo, na mabasi ya mikoani sasa yanatembea usiku.

KOCHA: Ndiyo, na hapo sina mzaha. Kizibao cha rifleksa kwa kila anayekimbia, tochi ya kichwani, na taa nyekundu ya kumetameta mgongoni. Kimbia upande wa kulia, uyaone magari yanayokuja. Kwetu magari yanapita kushoto, kwa hiyo ukiwa kulia hakuna gari linalokujia mgongoni upande wako, labda lile linalolipita lenzake. Na spika za masikioni usiku ziache nyumbani. Sikio ni jicho la pili.

MBUKE: Na bodaboda isiyo na taa.

KOCHA: Hiyo huioni, unaisikia. Ndiyo maana nasema masikio wazi.

MBUKE: Naomba niseme la wanawake hapa. Kikundi hiki kina akina dada wengi. Mwanamke asipangiwe kipande cha usiku peke yake barabarani, eti gari liko mbele linamsubiri. Kilomita 2 gizani ni mbali sana.

KOCHA: Wala mwanaume asipangiwe. Mimi nawashauri baiskeli. Mtu wa baiskeli mwenye taa nzuri na kizibao, anakaa nyuma ya mkimbiaji, nje ya lami panapokuwa na nafasi. Wengine wanaweka gari litambae nyuma ya mkimbiaji kilomita 6 zote. Kwenye barabara kuu ile ni hatari, dereva wa lori anakuta kitu kinatembea mwendo wa ng'ombe. Gari liende mbele kilomita 2, liegeshe nje kabisa ya lami, lisubiri, liende tena.

MBUKE: Magari mangapi?

KOCHA: Mawili. Utaratibu huu wenzetu wa Marekani wameuzoea. Kule Oregon kuna mbio za Hood to Coast, zilianza mwaka 1982 na timu 8 tu, zinashuka kutoka Mlima Hood hadi baharini, zaidi ya kilomita 300. Watu 12, magari mawili. Gari la kwanza linabeba wakimbiaji 6, linamaliza vipande 6, linakabidhi kwa gari la pili. Gari la pili likiwa kazini, la kwanza linakula na kulala.

MBUKE: Wanalala muda gani? Maana watu wanafikiri watalala usiku kucha.

KOCHA: Vipande 6 kwa dakika 36 ni saa 3 na dakika 36. Toa muda wa kuendesha hadi kituo kinachofuata, toa kula, toa kubadili nguo. Kinachobaki cha kulala ni saa 1 na nusu, labda 2. Sasa fikiria mtu mmoja kwenye Hiace ameamua kupiga simu kwa sauti.

MBUKE: Au anacheza video bila spika za masikioni.

KOCHA: Huyo ameiba usingizi wa watu watano, na watailipa barabarani. Adabu ya gari ndiyo nusu ya mbio. Mlango wa Hiace au Noah usiubamize, usukume taratibu hadi ushike. Nguo ulizokimbia nazo zikitoka mwilini ziingie kwenye mfuko wa plastiki ufungwe. Dawa ya kuchua jipake nje. Mkiwa sita ndani na madirisha yamefungwa, mtu mmoja akijipaka ile dawa, wote machozi.

MBUKE: Na chakula, Kocha. Sisi watu wa ziwa tuna majaribu. Mtu anashuka Magu anapanda na dagaa wa kukaanga.

KOCHA: Dagaa wasubiri Musoma. Na sato wa kukaanga asubiri Musoma. Mafuta yanakaa tumboni, na kipande chako kinachofuata hakikusubiri umeng'enye chakula. Mimi chakula changu cha barabarani ni matobolwa.

MBUKE: Hayo sasa! Waeleze wasiojua.

KOCHA: Viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juani hadi vikauke. Michembe ni ile inayokatwa mbichi na kuanikwa. Matobolwa unaweza kuyatafuna hivyo hivyo, yana sukari yake ya asili, hayachachi kwenye gari, hayanuki. Weka mfukoni, tafuna mawili matatu ukimaliza kukimbia, shushia maji. Ndizi mbivu pia. Uji wa ulezi kwenye chupa ya chai kwa ajili ya alfajiri. Na chumvi msiisahau. Mtu anayetoka jasho saa nyingi akajaza maji matupu tumboni anaweza kudhurika, damu inapungukiwa chumvi. Pakiti za ORS za duka la dawa zinatosha, si lazima vinywaji vya bei.

MBUKE: Dereva je? Kuna kikundi nilisikia kinapanga wakimbiaji wenyewe waendeshe kwa zamu.

KOCHA: Hapana. Dereva asiwe mkimbiaji. Hili silijadili. Mtu amekimbia saa 5 usiku, amelala saa 1, mnampa usukani saa 10 alfajiri na roho za watu sita ndani? Kila gari liwe na madereva wawili, mmoja analala mwingine anaendesha. Na wapewe chakula kwanza, kabla ya wakimbiaji. Kama bajeti haitoshi madereva wanne, punguzeni njia. Kimbieni Mwanza hadi Magu mrudi. Ni mbio nzuri tu.

MBUKE: Bajeti umeitaja wewe. Kwenye kundi la WhatsApp wote ni wakimbiaji, siku ya mchango wanabaki watano.

KOCHA: Mchango ukusanywe mapema, kabla mtu hajapangiwa kipande. Na kuwe na kanuni moja: ukijitoa baada ya ratiba kutoka, unaleta mtu wa nafasi yako, mwenye kasi inayokaribiana na yako. Ukijitoa kimyakimya wiki ya mwisho, kilomita zako 18 hazifutiki, zinabebwa na wenzako waliojiandaa kwa za kwao.

MBUKE: Kasi inayokaribiana. Hapo watu wanadanganya, Kocha.

KOCHA: Wanadanganya sana, na pande zote mbili. Kuna anayejikweza, anasema anakimbia dakika 5 kwa kilomita. Ile ni kasi yake ya kilomita 3, asubuhi, amelala vizuri. Kipande cha tatu, saa 6 mchana, jua la Bunda, atakimbia 6 na nusu. Kuna anayejishusha ili asilaumiwe, anasema 7, halafu anatokea dakika 6 kabla ya muda na hakuna mtu wa kumpokea. Wote wawili wameiharibu ratiba. Nataka kila mtu apimwe: akimbie kilomita 6 asubuhi, arudie jioni, na kesho yake alfajiri tena. Wastani wa zile tatu ndio kasi yake. Na hilo ndilo zoezi lenyewe walilouliza. Anajifunza kukimbia na miguu ambayo haijapumzika.

MBUKE: Maana miguu ikikaa kwenye gari inakakamaa.

KOCHA: Inakuwa kama si yako. Ndiyo maana ukimaliza usiingie kukaa. Tembea dakika 10, badili nguo, kunywa, ndipo ukae. Na kabla ya kupokea, shuka mapema, dakika 15 kabla, jipashe taratibu. Anayefuata akae karibu na mlango. Ameshavaa kizibao, tochi imeshajaribiwa, mafuta ya mgando ameshapaka panapochubuka. Gari likisimama anashuka yeye tu, wengine wanaendelea kulala.

MBUKE: Na kijiti chenyewe? Kilomita 6 umeshika kijiti mkononi, usiku, na chupa ya maji...

KOCHA: Kijiti kiache kwa mita 100 mara 4. Wajapani wametatua hili zamani. Wana mbio zinaitwa ekiden, za kwanza zilikimbiwa mwaka 1917 kutoka Kyoto hadi Tokyo, siku tatu, zaidi ya kilomita 500. Hawapokezani kijiti, wanapokezana ukanda wa kitambaa unaovaliwa begani unakatiza kifuani, unaitwa tasuki. Halafu wana mashindano ya vyuo vikuu, Hakone, yalianza mwaka 1920, hukimbiwa tarehe 2 na 3 Januari, na nchi nzima iko kwenye televisheni. Unajua urefu wake?

MBUKE: Niambie.

KOCHA: Kama kilomita 217. Yaani Mwanza hadi Musoma! Ila wao ni watu 10 tu, kila mmoja karibu nusu marathoni, kwa kasi ya kutisha. Na wana sheria moja inayoliza watu. Ukichelewa sana nyuma ya anayeongoza, mwenzako anayekusubiri haruhusiwi kuendelea kusubiri. Anaanzishwa mbio akiwa na ukanda mwingine, ili barabara ifunguliwe. Unafika kituoni na ukanda wa chuo chako begani, na hakuna wa kumpa. Vijana wanaanguka pale wanalia, na nchi nzima inalia nao.

MBUKE: Mungu wangu. Kwa hiyo hata kwao uchungu uko pale pale kwenye kukabidhi.

KOCHA: Pale pale. Sasa sisi tuchukue kitenge. Kata ukanda wa upana wa kiganja, shona ncha mbili zikutane, chagua rangi inayoonekana usiku, ubandike mstari wa rifleksa. Ukibakiza mita 100 unauvua, unauzungushia kiganjani usining'inie ukakunasa miguu. Ukikaribia unaunyoosha kwa mikono miwili. Anayepokea amesimama nje ya lami, upande wa kulia uleule, mkono umenyooka, na anaita jina lako. Aite yeye! Wewe huna pumzi ya kuita.

MBUKE: Nimeiona kabisa hiyo picha. Tuje kwenye vijiji, maana hii ni barabara ya watu. Watu wamelala, wengine wana misiba.

KOCHA: Usiku hakuna honi, hakuna muziki, hakuna kushangilia. Mchana mkipita kwenye turubai la msiba, muziki unazimwa mapema, mkimbiaji anapunguza mwendo, mnatoa pole. Hakuna kushangilia mbele ya waliofiwa kwa sababu ya muda wa mbio.

MBUKE: Na salamu. Hii ni njia ya Usukumani hadi Busega. Mzee amekaa kibarazani alfajiri, unapita kimya na mavazi yako ya kung'aa kama hujamwona?

KOCHA: "Mwangaluka", ile salamu ya asubuhi ya Kisukuma, haimalizi pumzi ya mtu. Mpe salamu, atakujibu, na pengine atakwambia daraja la mbele lina shimo. Ng'ombe wakivuka, simama. Wanatoka asubuhi kwenda malishoni, na mchungaji ana haki kuliko wewe. Usipenye katikati ya kundi, ukiwashtua wanaingia barabarani.

MBUKE: Watoto je? Ukikimbia tu, watoto wote wa kijiji wako nyuma yako.

KOCHA: Hilo linanifurahisha kila mara, lakini linanitia hofu pia. Mtoto anakutazama wewe, hatazami gari. Mtu wa baiskeli kazi yake hapo ni kuwaongoza watoto wakae kwenye nyasi, nje ya lami. Na msirushe pipi wala chupa dirishani. Ukirusha kitu, mtoto anakimbilia barabarani.

MBUKE: Choo, Kocha. Watu wanaona aibu kulitaja, lakini watu 16 na zaidi, saa 22...

KOCHA: Choo hakipangwi siku yenyewe. Wiki moja kabla, watu wawili wanapita njia yote kwa gari, wanaongea na vituo vya mafuta, na walimu wakuu wa shule, na wazee wa kanisa au msikiti penye choo. Wanaomba, wanalipa kidogo, wanaacha namba ya simu. Kichaka kilicho nyuma ya nyumba ya mtu si choo. Katika safari hiyo hiyo mnachagua vituo 35 vya kukabidhiana: pawe wazi, magari mawili yaweze kuegesha nje ya lami, pasiwe kwenye kona wala kwenye mteremko.

MBUKE: Na vibali?

KOCHA: Njia hii inapita mikoa mitatu: Mwanza, halafu Simiyu pale Busega, halafu Mara. Kwa hiyo barua tatu za polisi, na mkuu wa usalama barabarani wa kila mkoa ajue mnapita saa ngapi. Gari moja libebe nakala zote. Trafiki akiwasimamisha saa 9 usiku, hataki hadithi, anataka karatasi.

MBUKE: Mtu akishindwa katikati? Amekanyaga vibaya, au tumbo.

KOCHA: Anayefuata anashushwa pale pale, anaanza mapema. Kilomita zinagawanywa. Na kwenye gari hakuna neno la lawama, hata la utani, kwa sababu ana vipande vingine mbele yake na utani ule utakaa kichwani. Jambo jingine linaloendana na hilo: usimwambie mkimbiaji "umekaribia" kama hujui. Mwambie "kilomita 2 na nusu, kilima kimoja". Ukimdanganya mara moja, hatakuamini tena ukimwambia ukweli.

MBUKE: Na wakikutana na timu nyingine barabarani, wakifanya siku moja?

KOCHA: Maji ya timu yangu ni maji ya yeyote anayekimbia. Ukimpita mtu gizani, sema kitu kabla hujamfikia, "napita kulia kwako", usimtokee ghafla. Ukiona tochi yake imezima, mpe ya akiba. Mtanzania mwenzetu Simbu alipochukua dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo Septemba 2025, yeye na Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda uleule, saa 2:09:48, wakatenganishwa na sehemu ndogo ya sekunde. Wale wanazihitaji sekunde zao. Wewe wa jogging unayekwenda Musoma unazo za kumpa mtu tochi.

MBUKE: Kwa hiyo kikundi chetu waanze na nini wiki hii?

KOCHA: Wiki hii wasikimbie kitu kipya. Wakae na kalamu. Waandike kasi ya kila mtu baada ya vile vipimo vitatu, wachague kapteni wa kila gari, na wafanye jaribio moja Jumamosi ijayo: Kisesa hadi Magu, watu 6, gari moja, ukanda wa kitenge. Vipande vya kilomita 6 au 7. Wahesabu kitu kimoja tu, muda unaopotea kila wanapokabidhiana.

MBUKE: Wakimaliza watutumie hizo dakika, tutazisoma hapa wiki ijayo. Na yeyote anayejua fundi mzuri wa kushona ukanda pale sokoni, atuandikie pia. Kocha, asante sana.

KOCHA: Asante dada. Na mtu wa baiskeli asisahauliwe kwenye chai.